SOMO LA MWEZI: MAHALI PA KUWEKA JEKI NDEFU KATIKA GARI

Na Karani wa Kilimo, Muhoroni

Wakulima wa skimu za makazi, na hasa ninyi wa Muhoroni, Koru, Tamu na Songhor: mwezi huu somo letu si la mbegu wala la mbolea. Ni la jeki. Masika yanakaribia, na kila anayeujua udongo mweusi wa pande zetu anajua kwamba ukilowa haubebi gari. Wengi wenu mmekwisha kununua ile jeki ndefu, mtu peke yake au watu kwa ushirika. Jambo hilo ni jema. Lakini kuwa na jeki ni jambo moja, na kuifikia jeki siku ya taabu ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo somo letu.

Kisa cha mvua ya Aprili

Miaka michache iliyopita nilipanda pikapu ya kazi kutoka upande wa Songhor kurudi Muhoroni. Nyuma tulikuwa na mifuko 20 ya mbolea, kila mfuko kilo 50. Njiani mama mmoja alitusimamisha, amebeba mtoto mwenye homa kali, akaomba tumfikishe hospitali. Tukampa nafasi mbele. Hatukwenda mbali. Gurudumu la nyuma la kushoto liliteleza likaingia mtaroni, na gari likainama upande huo.

Dereva akauliza, "Jeki iko wapi?"

Taniboi akajibu, "Ipo, mzee. Iko chini ya mifuko."

Basi tulishusha mifuko yote 20 katika mvua, mmoja mmoja. Mbolea ikalowa, na yule mama akangoja chini ya mti na mtoto wake kifuani. Jeki ilipopatikana, kazi ya kuliinua gari na kupanga mawe chini ya gurudumu haikuwa ndefu. Kushusha na kupakia ndiko kulikokula saa mbili. Tulifika hospitali usiku. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile saa mbili hazikuibwa na matope. Tulizipoteza asubuhi, tulipopakia mzigo juu ya jeki.

Jeki hii ni nini

Jeki ndefu, ambayo wengine huiita jeki ya Tanganyika, ni nguzo ya chuma yenye matundu. Juu ya nguzo hiyo hupanda kichwa chenye mpini na pini mbili. Kila ukisukuma mpini chini, pini moja huingia katika tundu na kushika, na nyingine hupanda. Kampuni ya Bloomfield, katika jimbo la Indiana, Marekani, ilianza kuunda jeki za namna hii mwaka 1905. Wakulima nao huitumia kung'oa nguzo za seng'enge na kukaza waya. Kwa hiyo ni chombo cha shamba tangu zamani.

Jeki ya futi 4 ina uzito wa kilo 13 hivi. Shikeni mambo hayo mawili, yaani uzito huo na zile pini ndogo, kwa maana ndiyo yanayoamua mahali pa kuiweka. Uzito unaweza kuua. Pini zikijaa matope hazishiki.

Mahali pasipofaa

1. Chini ya mzigo. Kisa changu kimetosha.

2. Ndani ya gari, imelazwa tu nyuma ya viti. Tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga mti, gari husimama, lakini jeki haisimami. Huenda mbele kwa mwendo ule ule, na nguvu yake ni sawa na ya jeki iliyoangushwa kutoka juu ya mti wa mita 10 hivi. Ni nani kati yenu angekaa chini ya mti huo?

3. Juu ya paa. Uzito ulio juu huzidisha hatari ya gari kupinduka kwenye mteremko. Tena, gari likiwa limeinama mtaroni, mtu hupanda kwa taabu na huweza kuteleza na chuma mkononi.

4. Juu ya boneti. Humzuia dereva kuona vizuri, na kila mara ukitaka kutazama maji ya rejeta huna budi kuiinua pamoja na boneti.

5. Chini ya gari au nyuma ya magurudumu. Huko matope hurushwa siku nzima. Ukiitoa jeki utakuta pini zimekwama kabisa.

6. Ubavuni, chini. Huonekana pazuri, lakini gari likilalia ubavu ule, jeki imezikwa pamoja nalo.

7. Juu ya mlango wa nyuma wenye tairi la akiba. Bawaba zimekwisha kubeba tairi. Ukiongeza kilo 13 katika barabara yenye mashimo, bawaba hulegea na mlango hupasuka.

Mahali panapofaa

Kanuni ni hii: jeki ikae mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuichukua bila kushusha mzigo, gari likiwa limeinama upande wowote, na ambapo haiwezi kumwangukia mtu.

Kwa pikapu, mahali bora ni nyuma ya kichwa cha gari, juu ya ubao wa mbele wa karabai ya mzigo. Jeki ilazwe kutoka upande wa kulia hata wa kushoto, juu kidogo ya kiasi cha mzigo. Hapo hufikiwa kutoka pande zote mbili, na matope ni machache.

Kwa gari lililofungwa nyuma, jeki ilazwe sakafuni, karibu na mlango wa nyuma, na ifungwe kwa bolti zilizoshika chuma cha sakafu. Mzigo usiwekwe juu yake, hata kikapu.

Kwa trekta, jeki ifungwe kwenye ubao wa mbele wa treila. Lakini kumbukeni: jeki hii si ya kuinua treila iliyojaa miwa. Jeki nyingi za namna hii hazifai kupewa zaidi ya tani 2 hivi, nayo treila ya miwa huzidi hapo mara nyingi. Someni kipimo kilichoandikwa kwenye jeki yenu. Kwa treila, punguzeni miwa kwanza, kisha tumieni jeki ya chupa yenye nguvu ya kutosha.

Namna ya kuifunga

Ifungwe mahali pawili, si pamoja. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea vishikio viwili vya chuma, vyenye bolti na nati zenye masikio, ili zifunguliwe kwa mkono bila spana. Kamba ya katani haifai, kwa sababu hulegea ikilowa na kukauka. Katikati ya chuma na chuma weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ili jeki isigonge. Mpini nao ufungwe. Ukiogopa wezi, tia kufuli, na ufunguo wake ukae pamoja na ule wa gari.

Kichwa chenye pini ukifunike kwa turubai au kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori. Kila Jumamosi kifunue, kisugue kwa brashi na dizeli, kisha tia mafuta mepesi. Usipake grisi nzito, kwa maana hushika vumbi. Baada ya kufunga, itikise jeki kwa mikono miwili. Ikicheza mkononi mwako, barabarani itatoka.

Pamoja na jeki kuwe na ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, wenye unene wa sentimita 5. Bila ubao huo, katika udongo mweusi utainua jeki chini badala ya kuinua gari juu.

Wakati wa kuitumia

Weka mawe kwenye magurudumu ili gari lisibingirike. Inua kwenye bampa la chuma au fremu, si kwenye bati. Land Rover nyingi za zamani, tangu lile la kwanza la mwaka 1948, ziliundwa kwa bodi ya alumini, nayo hubonyea upesi. Shika mpini kwa nguvu, wala usiweke kichwa kati yake na nguzo, kwa maana ukikuponyoka wakati wa kuteremsha gari utakuvunja taya. Ukipumzika, uache umesimama sambamba na nguzo. Tena mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki hii, hata kwa dakika moja.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano ya Safari, na ni 7 tu yaliyomaliza. Hao walikuwa madereva hodari na magari yaliyotengenezwa kwa uangalifu. Sembuse sisi na pikapu zetu zenye mzigo? Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujipima

1. Leo hii, jeki yako iko wapi? Nenda ukaitazame kabla ya kujibu.
2. Gari likilalia upande wa kushoto, je, utaifikia? Na upande wa kulia?
3. Je, mwanao anaweza kukaa mbele ya jeki hiyo salama, gari likigonga mti?
4. Tangu uamue kuitoa hata uishike mkononi, ni dakika ngapi? Zikizidi mbili, ihamishe kabla ya mvua.