SOMO LETU: KUMCHAGULIA MZEE MOTOKAA KUBWA ILIYOKWISHA TUMIKA



Mkulima wa karafuu hadanganyiki kwa gunia. Hutia mkono mpaka chini, akachota, akavunja moja aone kama imekauka, akatafuta mpeta na makonyo. Lakini mkulima huyo huyo akionyeshwa motokaa kubwa iliyong'arishwa, yenye viti vya ngozi, husahau ujuzi wake wote. Leo tujifunze kuichunguza motokaa kama tunavyolichunguza gunia.

Wengi wetu tuna watoto Bara. Basi tuchukue mfano wa mwanachama wa miaka 70 anayehamia kwa mwanawe Buzuruga, Mwanza, na anataka motokaa ya starehe aiendeshe mwenyewe. Barabara ya Musoma ipitayo hapo ni ya lami, lakini Mwanza ni mji wa vilima na majabali, na njia nyingi za kupandia majumbani ni za udongo na mawe. Motokaa iliyoinuka itamfaa. Je, achague ipi?

1. Mwili kwanza. Starehe ya mzee si ngozi ya viti, bali ni kuingia bila kupanda na kutoka bila kuruka. Kwa hiyo mwanawe asimnunulie kwa picha. Mzee mwenyewe aende, apande na kushuka mara tano. Magoti yakilalamika, hiyo si yake. Toyota Prado imejengwa juu ya fremu kama lori: ni imara kwenye mawe, lakini sakafu yake iko juu. Toyota Harrier imejengwa kwa namna ya gari dogo: huingilika kwa wepesi, ila haipendi mashimo makubwa. Ikiwa nyumba iko karibu na lami, Harrier yatosha.

2. Anasa iletayo gharama. Baadhi ya Prado na Harrier, na Range Rover nyingi, hubebwa na mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Ikiwa mipya, safari huwa laini. Ikizeeka huvuja, na motokaa hulala chini kama ngamia. Iacheni imesimama usiku kucha, asubuhi mtazame kama imeinama upande mmoja. Zilizo bora kwa mzee ni springi za chuma, ambazo kila fundi anazijua. Tena ulizeni bei ya vipuri viwili vitatu hapo hapo Mwanza kabla ya kutoa fedha.

3. Umri wa kweli. Saa ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma. Tazameni raba ya pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika sana na saa yasema kilometa 60,000, msiiamini. Tairi nazo zina tarakimu 4 za tarehe: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Namba ya chasisi lazima ilingane na ya kadi.

4. Injini ya baridi. Mwambieni muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Mkigusa boneti mkaikuta ina moto, rudini kesho. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha huenda ni maji yanayoingia ndani ya injini. Prado za dizeli zenye injini za 1KZ na 1KD hutumia mkanda wa taimingi. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, gharama ya mkanda mpya ipunguzwe katika bei.

5. Macho na shingo. Vioo vya taa vilivyogeuka njano hupunguza mwanga, basi ijaribuni pia baada ya magharibi. Kamera ya nyuma ni msaada mkubwa kwa mwenye shingo ngumu. Motokaa zitokazo Japani huenda zikaonyesha maonyo kwa Kijapani. Mzee asiyeweza kulisoma onyo ni kama hakuonywa.

6. Fundi na karatasi. Fundi awe wenu, mmlipe wenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Na kama mzee atataka kurudi nayo Unguja au Pemba, waulizeni TRA na ZRA mapema habari za ushuru na usajili.

Mikarafuu haizai vizuri kila mwaka, na fedha ya msimu ikipotea mzee hana miaka mingi ya kuitafuta tena. Tena motokaa ikiharibika, hapotezi fedha tu. Aliyekuwa akienda msikitini, sokoni na hospitali kwa wakati wake, sasa hukaa barazani akingoja mtu wa kumpeleka. Kwa hiyo msikimbilie iliyo rahisi, wala msikimbilie iliyo ya fahari. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Maswali ya kujipima
(a) Kwa nini mzee mwenyewe aende kuijaribu motokaa?
(b) Tarakimu 0821 kwenye tairi zina maana gani?
(c) Kwa nini injini itazamwe ikiwa ya baridi?