Kikuza Sauti cha Daraja D

Tangu Black Star Musical Club ya Tanga ilipoingiza gitaa la umeme katika taarabu, miaka ya 1960, muziki wa mji huo umehitaji vikuza sauti. Penye umeme wa betri, swali kubwa ni hili: nguvu kiasi gani hupotea kuwa joto?

Katika kikuza sauti cha daraja AB, transista hufunguka nusunusu, nayo hupata moto. Katika daraja D, transista ni swichi: ama hupitisha umeme kikamilifu au huuzuia kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde. Muda wa kila pigo hufuata sauti. Koili na kapasita huyalainisha mapigo hayo yafikapo kwenye spika.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Spika ikihitaji wati 10, ufanisi wa asilimia 50 huipa betri saa 4.2, wa asilimia 90, saa 7.6 hivi.

Tena, joto likiwa dogo, kibao chaweza kufungiwa ndani ya sanduku, mbali na hewa ya chumvi ya bahari ilayo viungo vilivyolehemiwa.

Zoezi: Spika ikihitaji wati 5, kila betri itadumu saa ngapi?