Waarabu na Wamanyema: Njia Moja, Mitaji Tofauti



Katika miji ya njia ya zamani ya misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kuna maneno mawili ambayo Waislamu tumezoea kuyasema bila kuyapima. La kwanza ni kwamba Mwarabu ana duka kwa sababu biashara iko kwenye damu yake. La pili ni kwamba Mwarabu ana duka kwa sababu babu yake aliuza watu, na Mmanyema hana kitu kwa sababu babu yake ndiye aliyeuzwa. Neno la kwanza husemwa madukani, la pili husemwa vibarazani. Kila upande umeridhika na lake, kisha wote wanasimama safu moja swala ya Ijumaa.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na wanafunzi wa jamii zote mbili hukaa dawati moja mbele yangu. Naona maneno yote mawili yana madhara. La kwanza linamfundisha kijana wa Kimanyema kwamba Allah (s.w.) amemuumba maskini. La pili linamfundisha kwamba umaskini wake ulishaamuliwa na watu waliokufa zamani, kwa hiyo hana la kufanya. Tuitazame historia yenyewe.

Njia ilivyoanza

Tabora ilianza kama kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, Kazeh, ndani ya himaya ya Unyanyembe, katikati ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 walipokewa na Sheikh Snay bin Amir. Burton mwenyewe ameandika kuwa mtu huyu alianza maisha Muscat akiwa mpika vitu vitamu, na kwa muda wa miaka kumi na sita hivi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Kumbe hata yule tajiri wa mwanzo hakuzaliwa tajiri.

Waarabu hawa hawakuishi peke yao. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwapa nafasi, na binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Anayezungumzia "damu" ya watu wa Tabora na aanzie hapo. Nyumba nyingi zinazoitwa za Kiarabu zina bibi wa Kinyamwezi au wa Kimanyema ndani yake.

Wamanyema nao ni nani? Hawakuwa kabila moja. Ni jina la nchi, mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Waliokuja na jina hilo walikuwa Wabwari, Wagoma, Waholoholo, Wabangubangu, Wakusu na wengineo. Wapo waliotekwa, wapo waliokuja kama wapagazi na askari wa misafara, na wapo waliokimbia vita. Na vita hivyo vilikuwa vibaya. Mwezi Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakiuawa kwa bunduki ndani ya soko la Nyangwe, na waliopiga bunduki hizo walikuwa watu wa misafara ya wafanyabiashara hawa. Hili Waislamu tusilifiche. Ni kweli kwamba pembe zile zilikwenda kuchongwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani, na waliozinunua hawakuuliza zimetoka wapi. Lakini dhulma ya mnunuzi haifuti dhulma ya muuzaji.

Utajiri wa misafara uliishia wapi?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Je, maduka ya leo ni urithi wa misafara ile? Kwa sehemu kubwa, hapana.

Msafara uliendeshwa kwa mkopo. Nguo, shanga na bunduki zilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, maarufu kati yao akiwa Taria Topan, ambaye ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Deni lililipwa kwa pembe, na riba ilikuwemo, ya wazi au iliyofichwa ndani ya bei. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili mwendo wa miezi kadhaa, na faida kubwa ikabaki pwani. Kisha Wabelgiji wakawavunja Waarabu katika vita vya Kongo, 1892 hadi 1894. Wajerumani wakaishika Tabora, na Mtemi Isike akafa ngomeni mwake Januari 1893. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Basi, msafara ukafa. Familia nyingi za Kiarabu za enzi ile zilibaki na mashamba, miembe na majina makubwa, siyo fedha.

Wengi wa Waarabu wenye maduka waliokuja kujulikana mikoa ya magharibi ni watu wa karne ya 20. Ni Wamanga kutoka Oman na Washihiri kutoka Hadhramaut, waliokuja kwa majahazi wakikimbia njaa na ukame kwao. Walifika mikono mitupu. Wengine walianza kwa kuuza kahawa mtaani. Basi kama damu siyo sababu, na mali ya misafara siyo sababu, sababu ni nini?

Mali kauli

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi. Kila mmoja akawaulize wazee wake: mtu wa kwanza katika ukoo wenu aliyefungua biashara, mtaji alipewa na nani? Majibu ya watoto wa Kiarabu yalifanana mno: "ami yake," "mjomba wake," "mtu wa kwao." Kijana alikaa dukani kwa ndugu yake miaka mitatu minne, akila na kulala hapo hapo bila mshahara. Kisha akapewa mzigo wa chumvi, mafuta ya taa na khanga kwa mali kauli, akapelekwa kijijini Unyamwezi au Usukuma kufungua duka lake. Alilipa akishauza. Hakuna karatasi wala mwanasheria. Dhamana yake ilikuwa jina la ukoo. Akidhulumu mmoja, wote wanajua kutoka Tabora hadi Mwanza.

Watoto wa Kimanyema wengi walijibu kwamba babu hakupewa na mtu. Alilima, alivua dagaa Ujiji, alifanya kazi reli, bibi aliuza mawese, na akiba yote ikaingia kwenye jambo moja: nyumba. Vyumba sita, viwili vya kukaa na vilivyobaki vya kupangisha. Siyo jambo dogo. Watu waliotoka utumwani wakajenga miji! Ujiji imejengwa na mikono yao, na kule Dar es Salaam walijenga msikiti wao Kariakoo ambao mpaka leo unaitwa Msikiti wa Manyema. Mzee bin Sudi, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alitoka katika jamii hiyo.

Lakini nyumba na duka ni mali mbili tofauti. Akifa mwenye duka, warithi huandika mafungu yao na duka likaendelea. Akifa mwenye nyumba, warithi kumi hugombana, nyumba ikauzwa, kila mmoja akapata kidogo na kukila. Vizazi vitatu tu, na ukoo umerudi kupanga. Sheria ya mirathi inatoa mafungu; haikuamuru popote kwamba lazima mali iuzwe.

Mkono wa serikali

Mkoloni naye alitia chumvi. Alipanga watu kwa rangi. Mwafrika alikuwa "native", na kuanzia miaka ya 1920 Waingereza waliweka sheria ya kubana mikopo kwa "native", ili mfanyabiashara asiye "native" aliyemkopesha bila kibali asiweze kudai mahakamani. Ilisemwa ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba Mmanyema mwaminifu alifungiwa mlango ule ule ambao kijana wa Kimanga alikuwa akipitia kila siku kwa ndugu zake. Shule nazo zilitengwa. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa 1925, ilianza kwa ajili ya watoto wa watemi, na mtoto wa mtumwa hakuwa mtoto wa mtemi. Hata katika uchaguzi wa kura tatu, ule uliojadiliwa na TANU Tabora Januari 1958, mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Muasia, na Mwarabu akahesabiwa upande wa Muasia.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iligusa wenye nyumba kubwa, na Operesheni Maduka ya 1976 ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini. Wapo Waarabu waliofilisika kabisa. Hata hivyo, kuanzia 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani, Oman ilifungua milango kwa wenye asili yake. Aliyekwenda Muscat alituma fedha nyumbani, na mtaji ukazaliwa upya. Mmanyema naye ana ndugu ng'ambo, lakini ng'ambo yake ni Fizi, Uvira na Kindu. Vita vya 1996 na 1998 vilimletea wakimbizi, siyo fedha. Na juu ya hayo, watu wa Kigoma wamelalamika miaka mingi kuulizwa uraia wao katika nchi waliyozikwa babu zao.

Visiwa vya mbali

Asiyeamini na atazame visiwa vya Karibiani. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Nani alilipwa? Mwenye watumwa! Mtumwa hakupewa hata senti, na akalazimishwa kuendelea kumtumikia bwana wake hadi 1838. Mwishoni mwa karne hiyo wakafika Jamaica na Trinidad Waarabu kutoka Syria na Lebanon, maskini wanaotembeza nguo begani. Walikopeshana, wakafungua maduka, na baada ya vizazi viwili vitatu wakawa katika matajiri wa visiwa. Edward Seaga, Waziri Mkuu wa Jamaica kuanzia 1980 hadi 1989, alikuwa wa asili hiyo. Zingatia: Waarabu hao wengi wao walikuwa Wakristo, na wazao wa watumwa pia Wakristo. Dini moja, kama sisi, na tofauti ile ile. Kwa hiyo wanaosema Uislamu ndio uliomdidimiza Mmanyema hawana hoja. Kilichotenganisha watu huko na huku ni mtaji wa kwanza na watu wa kuaminiana.

Uislamu unasema nini?

Hapa ndipo penye uzito, ndugu msomaji. Katika Suratun Nur, aya ya 33, Allah (s.w.) anaamuru kwamba mtumwa akitaka kuandikiana mkataba wa uhuru, aandikiwe, kisha apewe sehemu ya mali ya Allah aliyowapa mabwana. Yaani uhuru pamoja na mtaji! Suratut Tawba, aya ya 60, imeweka fungu maalumu la zaka kwa ajili ya kukomboa watumwa. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na watu wakaachwa mikono mitupu. Mwingereza hakuwa na aya hiyo. Sisi tulikuwa nayo, tukaisoma kwa tajwidi na tusiitende.

Tukumbuke pia Madina. Saad bin Rabi' alipotaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, Abdurrahman alimwombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko. Tunapenda kuisimulia kwa ajili ya kujitegemea kwa Abdurrahman. Tunasahau kwamba aliyemwonyesha soko alikuwa mwenyeji, na kwamba sokoni alipokewa kama ndugu.

Basi tufanye nini? Kwanza, wenye maduka wapanue duara la mali kauli. Kijana anayesali nyuma yako miaka kumi na hujawahi kumwamini na katoni moja ya sabuni, udugu wenu uko wapi? Aandikiwe deni kama ilivyoelekezwa Suratul Baqara, aya ya 282, kwa mashahidi, ili haki ya pande zote mbili isipotee. Pili, koo zenye nyumba ziache kuuza kila mzee anapofariki. Wekeni wakfu wa ukoo au ushirika wa warithi, kodi isomeshe watoto. Tatu, aliyekopeshwa alipe. Jina jema ndilo lililokuwa benki ya Wamanga, na mtu hupoteza jina kwa deni moja tu.

Na la mwisho, ambalo watu hawapendi kulisikia. Wanaume wa Kiarabu wameoa kwa Wamanyema tangu enzi za Kazeh. Mmanyema akipeleka posa upande wa pili, huulizwa babu yake alikuwa nani. Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwisha jibu swali hilo: mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi. Uislamu wa Tabora na Ujiji haukuenezwa sana na matajiri wa pembe. Umeenezwa na waungwana wa kawaida, waalimu wa vyuo na watu wa zikri ya Qadiriyya, wengi wao wazao wa watumwa na wapagazi. Mzee anayekataa posa ya mjukuu wao anakataa kumwoza binti yake kwa mtu ambaye pengine babu yake ndiye aliyewafundisha watu wa mtaa huo Alhamdu.

Wabillahi tawfiq.