Mwenye kisukari akipata kiharusi: tahadhari na chakula cha wodini

Mgonjwa wa kiharusi akishalazwa, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa Iringa, swali la kwanza la jamaa ni lini atatembea. Hilo hutegemea ukubwa wa sehemu ya ubongo iliyodhurika, lakini sukari ya damu nayo ina sehemu yake.

Sehemu ya ubongo iliyokosa damu haina hewa ya kutosha. Sukari ikiwa nyingi hapo hugeuka tindikali, uvimbe ukazidi. Kisha kinga ya mwili hudhoofu, ndiyo maana wenye kisukari hupata kwa wepesi homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya mgongoni. Mara nyingi hayo ndiyo yanayorefusha siku za kulazwa.

Huenda ukasema mzee wetu hana kisukari. Je, alipimwa lini? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64, na wengi hawajijui. Hata hivyo, kiharusi chenyewe hupandisha sukari kwa muda, hivyo kipimo hurudiwa.

Sukari iliyoshuka nayo ni hatari. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu aweza kupotoka mdomo na kulegea mkono ukadhani ni kiharusi. Usimmiminie maji ya sukari mdomoni mtu asiyeweza kumeza, yataingia mapafuni. Apimwe kwanza. Kisomo hakikatazwi, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kuibana mno sukari kwa insulini hakukuongeza nafuu, bali kulishusha sukari ya baadhi kupita kiasi. Kwa kawaida madaktari hulenga kati ya 7.8 na 10. Basi usigombane na nesi kwa kuona 9.

Sasa tuje kwenye vikapu vyetu. Kumzuru mgonjwa ni sunna, ila soda, juisi, tende na uji wenye sukari vikiletwa na wageni watano, hesabu ya insulini huvurugika. Mmoja wa familia asimamie chakula, amwambie nesi kila alicholisha, na asilishe kabla kumeza hakujapimwa. Chakula kilichopikwa nyumbani kinafaa: ugali kiasi, maharage, mboga za majani. Mgonjwa ageuzwe kila saa mbili.

Jambo moja la huku kwetu kwenye baridi. Mwezi Juni na Julai jamaa humwekea mgonjwa chupa ya maji moto miguuni, au akisharudi nyumbani humsogezea jiko la mkaa. Miguu ya mwenye kisukari yaweza kuwa imekufa ganzi, na upande uliopooza hauhisi. Ataungua asijue, na kidonda hicho kitamzuia kusimama na kufanya mazoezi kwa wiki nyingi. Mvalishe soksi nene za sufu zisizobana, na mkague nyayo kila jioni.