Mafunzo ya Sulhu ya Hudaybiya

Jua, ewe ndugu, ya kuwa mwaka wa 6 wa Hijra (628) Mtume, S.A.W., alitoka na watu kama 1,400 kwenda Umra, Makureshi wakawazuia. Suhayl bin Amr alipokataa yasiandikwe maneno “Mtume wa Mungu” katika mkataba, Mtume aliridhia liandikwe jina lake na la babake. Aliacha lafudhi, wala hakuacha utume wake. Wakaagana kuacha vita miaka 10. Katika amani hiyo watu walisikilizana, wengi wakasilimu. Hata mwaka wa 8 akaingia Makka na watu 10,000.

Basi uliyehasimiana na nduguyo kwa shamba au urithi, mwendee, msikilize, kisha lishikeni mnalokubaliana nyote. Kuachiliana neno si kushindwa.