Usilimeze Swali Lako, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeanza uzamili idara ya fizikia mwaka huu, hebu vuta kiti tuzungumze. Najua unavyopita kwenye korido ile. Ukisikia sauti ya msimamizi wako unageukia ngazi za nyuma. Ujumbe wake wa wiki iliyopita hujaujibu, kwa sababu hesabu imekataa kutoka, na unajiambia, nikipata jibu ndipo nitamwendea. Semina ikifika unakaa karibu na mlango, swali umelishika mdomoni, kisha unalimeza. Unawaona wenzako wanatikisa vichwa, unadhani wameelewa. Hawajaelewa, mpenzi. Wengi wao wanatikisa kwa sababu wewe umetikisa.

Hayo hayakuanza kwako, na sikuiti mjinga. Wengi wetu tumepita madarasa ambayo kuuliza mara ya pili kulimletea mtu kicheko. Aibu hiyo unaingia nayo chuo kikuu. Ila ukiendelea kuilea itakumaliza. Mficha uchi hazai, na katika utafiti msemo huo ni wa kweli kuliko mahali pengine popote.

Unamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inaisha, Mpemba akaweka ya kwake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu, na darasa zima likapata neno la kumtania. Hebu fikiria moyo wa kijana yule. Na bado, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza shuleni kwao, Mpemba alisimama mbele ya wenzake walewale akauliza tena.

Osborne hakumcheka. Aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 majina ya Mpemba na Osborne yalitoka pamoja katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, na kama linatokea, chanzo ni nini: mvuke unaopotea, hewa iliyoyeyuka majini, au jinsi maji yanavyozunguka ndani ya chombo. Mabishano yote hayo yameletwa na mwanafunzi aliyekataa kunyamaza.

Na usimpite haraka yule fundi. Katika idara yako, fundi sanifu wa maabara ndiye anayejua pampu ipi inavuja, kipimo kipi kinadanganya joto likizidi, na ufunguo wa stoo uko kwa nani. Mpe shikamoo yake. Keti naye mnywe chai. Nimeona vijana wenye alama nzuri mno wakihangaika na kifaa muhula mzima, na aliyejua ubovu wake alikuwa chumba cha pili. Hawakumuuliza kwa sababu hana shahada. Kiburi cha namna hiyo kinaumiza watu wawili.

Kwa wewe unayedhani ulipokelewa kwa makosa, hasa wewe binti uliye peke yako darasani, nakuletea Jocelyn Bell. Alifika Cambridge kusomea uzamivu akiamini kwamba siku moja watagundua hafai na watamfukuza. Akaamua kufanya kazi kwa bidii yote ili wakimfukuza asijilaumu. Kwa hofu hiyo alikuwa anapitia karatasi za mashine ya darubini ya redio, karibu mita 30 kwa siku, kwa macho yake. Mwaka 1967 akaona kialama kidogo kisichofanana na chochote. Msimamizi wake kwanza alidhani ni kelele za mitambo ya watu. Bell hakukiacha, akakifuatilia mpaka ikajulikana ni nyota inayopiga mapigo ya redio kila baada ya sekunde 1.3 hivi, ya kwanza ya aina yake kujulikana. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake na mwenzake mwingine, yeye hakuwemo. Jambo hilo bado linanikera. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3, aliitoa yote isomeshe wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yasiyopata nafasi kirahisi. Kwa hiyo hofu yako haithibitishi kwamba hufai. Iache ikusukume kutazama karatasi mara ya pili, isikusukume kwenye ngazi za nyuma.

Nakuonya tena kuhusu kujificha, maana najua kinachofuata. Miezi inapita, huna cha kuonyesha, na siku moja usiku unafungua jedwali na mkono unatamani kupika data. Jan Hendrik Schön alikuwa nyota wa maabara ziitwazo Bell Labs huko Marekani, akitoa makala kwa kasi iliyowashangaza wengi. Wenzake wakagundua mchoro uleule umetumika kueleza vitu tofauti. Mwaka 2002 uchunguzi ulithibitisha udanganyifu, akafukuzwa kazi. Jedwali tupu lina aibu ya wiki moja tu, mdogo wangu. La kupikwa litakufuata hata ukiwa na wajukuu.

Upweke nao usiuchukulie kama kipimo cha ushujaa. Abdus Salam, aliyepata Nobel mwaka 1979, alirudi kwao Pakistan mwaka 1951 akiwa kijana msomi, akakuta hana mtu wa kujadiliana naye fizikia. Baada ya miaka mitatu akaona akibaki akili yake itakufa, akarudi Uingereza. Uchungu huo ndio uliomfanya aanzishe kituo cha fizikia Trieste, Italia, mwaka 1964, ili wasomi wa nchi maskini wapate mahali pa kukutana na wenzao bila kuhama kwao moja kwa moja. Tangu 2018 kuna taasisi yenye uhusiano na kituo hicho hapa jirani, Kigali. Ulizia nafasi zake.

Ila kuna kimya kingine ambacho nakukataza kabisa. Msimamizi akikutaka kimwili ili akupitishie kazi, hilo si jambo la kuvumilia kwa heshima ya mkubwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitambua kuwa kosa. Hifadhi kila ujumbe, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na usiende ofisini kwake peke yako. Hukumtega, hukumchokoza, na digrii yako hailipiwi kwa mwili.

Wasimamizi wengi, hata hivyo, ni watu waliochoka tu, wenye madarasa makubwa na karatasi za kusahihisha. Wa kwako huenda anadhani umeacha shule. Mwandikie leo kabla hujalala: shikamoo Dokta, nimekwama kwenye hatua ya tatu, naomba nusu saa yako. Usitunge ugonjwa wala msiba. Akikupa saa nne, fika kabla ya saa nne, na lile daftari lenye makosa libebe hivyohivyo lilivyo, usilinakili upya.