Dada, XBMC yangu inawaka kutoka wapi?

*"Dada, shikamoo. Nina Xbox ile ya kwanza, imefunguliwa, nami naitumia kutazamia filamu kwa XBMC. Nimeweka toleo jipya, lakini nikiwasha linakuja lile la zamani. Ndani nimekuta folda tatu za XBMC. Nifute ipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo usifute hata moja. Nimepokea maswali mengi ya namna hii, na walioumia karibu wote walifuta kwanza, wakauliza baadaye.

Folda kurundikana si ajabu. XBMC 1.0 ilitoka mwaka 2004, na mwaka 2010 watengenezaji wake waliiacha Xbox, kazi ikaendelezwa na mradi wa XBMC4Xbox. Mashine iliyopita mikononi mwa watu kadhaa hubeba toleo la kila mmoja wao. Na kila folda ina faili lake la kuwashia, nalo kwa kawaida huitwa default.xbe. Kwa hiyo jina halitakusaidia. Unachotafuta ni njia kamili ya faili.

Anza na logi. Washa FTP kwenye mipangilio ya mtandao ya XBMC, kisha ingia kwa kompyuta. Kama hakuna aliyebadilisha, jina la mtumiaji ni xbox na neno la siri ni xbox. Tafuta faili liitwalo xbmc.log, ambalo mara nyingi hukaa ndani ya folda ya XBMC yenyewe. Mistari ya mwanzo inataja tarehe ya toleo, kisha unakuta maneno "Q is mapped to". Q ni jina ambalo XBMC huipa folda iliyowakia, popote ilipo. Mbele yake utaona kitu kama \Device\Harddisk0\Partition1\Apps\XBMC. Usiogope namba hizo: Partition1 ni E, Partition2 ni C, Partition6 ni F, na Partition7 ni G. Kwa mfano huu, basi, mashine inawaka kutoka E:\Apps\XBMC. Ukikuta logi zaidi ya moja, linganisha tarehe ya toleo na ile inayoonekana kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo. Ya zamani isikudanganye.

Sasa tafuta nani anayeielekeza mashine huko. Kwenye Xbox nyingi, ndani ya C kuna faili dogo la njia ya mkato, mara nyingi evoxdash.xbe, na pembeni yake evoxdash.cfg. Hilo la .cfg lifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida; utakuta mstari mmoja tu, nao ni njia ya faili linalowashwa. Hapo ndipo penye jibu lako. Toleo jipya limekaa kwenye folda yake, lakini mstari bado unaita la zamani.

Nakili hilo .cfg kwenye kompyuta, kisha andika njia ya toleo jipya, herufi kwa herufi. Zima, washa. Likifunguka jipya, ibadili jina folda ya zamani, usiifute, na utumie mashine siku kadhaa. Ikitulia, futa. Vitu vingine vya C usiviguse, kwa maana humo ndimo kuna mafaili ya mfumo.

Na kabla ya yote haya, mdogo wangu, hakikisha una nakala ya eeprom.bin nje ya mashine. Diski ya Xbox imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo umo ndani ya EEPROM. Diski ikigoma au bodi ikifa, mwenye nakala hiyo ana pa kuanzia. Asiye nayo anaweza kupoteza kila alichohifadhi. Ifanye leo jioni, halafu niandikie mstari wako wa .cfg unasemaje. Tutausoma pamoja.